Viza yake inaisha Juni, mechi ni Agosti Dublin: je, mwanangu asafiri na timu?

Swali: Mwanangu yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja Marekani. Alianza na raga hapa Mombasa, akapata ufadhili wa masomo kupitia futiboli yao ya Kimarekani, na sasa anacheza safu ya ulinzi. Ameniambia timu itafungua msimu Dublin, Ireland, mwisho wa Agosti. Furaha yake haina kifani, lakini mimi usingizi umenipaa. Viza yake ya F-1, ile ya mwanafunzi, inaisha Juni. Mjomba wake anasema viza kuisha si neno mradi bado yuko chuoni. Mwenzake wa chumba amemwambia ataipata nyingine huko huko Dublin kwa siku mbili. Kocha amesema tu kwamba "mambo ya safari yatashughulikiwa". Wengine wananiambia hiyo ni mechi ya maonyesho, asiende, na wengine kwamba wachezaji watalipwa pesa nyingi, asikose. Ninaogopa atoke asirudi, ufadhili upotee na miaka mitatu iende bure. Pia ana chembe ya selimundu, ingawa hajawahi kuugua. Nami ningependa kwenda kumwona akicheza, lakini mwaka juzi nilinyimwa viza ya Marekani. Nifanye nini?

Jibu: Mama, pokea salamu zangu, na hongera kwa kumlea kijana aliyefika hapo. Hofu yako ni ya haki. Kazi yangu ni kuwashauri wanamichezo wa kigeni walioko vyuo vya Marekani, na katika maswali yote wanayoniletea wazazi kuhusu safari za timu, hili la kutoka na kurudi ndilo lililo zito kuliko mengine. Nitalijibu kwa kirefu. Mechi, pesa na afya nitavigusa kwa kadiri vinavyohitaji.

Nianze na mechi yenyewe, kwa kuwa umeambiwa ni ya maonyesho. Si kweli. Mechi za ufunguzi zinazochezwa Dublin katika miaka hii ni mechi kamili za msimu, zenye matokeo yanayoingia kwenye rekodi. Mwaka 2024 Florida State walikwenda Dublin wakiwa wa kumi katika orodha ya timu bora za nchi nzima, baada ya msimu uliotangulia walioshinda mechi 13 na kupoteza moja. Georgia Tech wakawafunga 24-21 kwa mkwaju wa mwisho kabisa wa mchezo, na Florida State wakamaliza mwaka huo wakiwa wameshinda mechi mbili tu na kupoteza kumi. Mwaka 2025 Iowa State waliwafunga Kansas State, tena kwa 24-21, na timu zote mbili ni za ligi moja, kwa hiyo matokeo yale yaliingia moja kwa moja katika msimamo wa ligi yao. Mwanao akiikosa mechi kama hiyo, anakosa kazi halisi mbele ya maskauti halisi. Nakueleza hivi ili tunapopima faida na hasara, tusiipunguzie safari hii uzito wake.

Wala si jambo jipya. Louisiana State waliicheza Havana siku ya Krismasi mwaka 1907 na kuwatandika wenyeji 56-0. Kwa miaka mingi Tokyo ilikuwa na mechi yake ya kila mwaka, na Barry Sanders, mkimbiaji wa Oklahoma State, alikuwa huko Desemba 1988 alipotangazwa mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, kisha akaingia uwanjani dhidi ya Texas Tech na kukimbia yadi 332. Dublin nayo ilipokea Boston College na Army, timu ya chuo cha kijeshi, mwaka huo huo wa 1988. Miji hulipia mechi hizi kwa sababu mashabiki wa Kimarekani huvuka bahari kwa maelfu na kujaza hoteli, na vyuo hukubali kwa sababu ya pesa, televisheni na wahitimu wao matajiri wanaopenda kusafiri na timu.

Hao wanaosema "maonyesho" huenda wanachanganya mambo mawili. Kuna ziara ya nje, ambayo timu huruhusiwa kuifanya mara moja kila miaka minne, na mechi zake haziingii kwenye rekodi ya msimu. Sisi Afrika Mashariki tumeiona kwa macho yetu: tarehe 21 Mei 2011, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Drake University kutoka Iowa walicheza na wachezaji wa vyuo vya Mexico na kushinda 17-7, kisha vijana wakapanda Kilimanjaro. Ile ilikuwa ziara. Hii ya mwanao ni mechi ya msimu.

Sasa tuje kwenye kiini. Mjomba wake amesema kweli, lakini nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumfungia kijana mlango.

Mwanafunzi wa F-1 ana vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Cha kwanza ni viza, ile karatasi iliyobandikwa ndani ya pasipoti. Kazi yake ni moja: kumwezesha kufika mpakani na kuomba kuingia Marekani. Cha pili ni hadhi yake ya uanafunzi, ambayo inashikiliwa na fomu ya I-20 iliyotolewa na chuo, na rekodi ya kuingia iitwayo I-94. Hadhi hiyo haikai kwenye viza. Akiwa ndani ya Marekani, anasoma muhula kamili, na I-20 yake iko hai, viza inaweza kuisha muda leo na kesho asiwe na kosa lolote. Wanafunzi wengi sana wa Kiafrika wako darasani sasa hivi wakiwa na viza zilizoisha, na ni halali kabisa. Hapo mjomba yuko sahihi.

Lakini mara mguu unapotoka nje ya Marekani, hesabu inabadilika. Kurudi kunahitaji viza iliyo hai siku ile anayorudi. Afisa wa uhamiaji hatauliza kama ni mchezaji wa akiba au nahodha, wala kama timu nzima iko kwenye foleni nyuma yake. Mwanao viza inaisha Juni, na mechi ni Agosti. Kwa hali hiyo, kama hakuna kitakachofanyika kati ya leo na siku ya safari, asipande ndege hiyo.

Kuna upenyo mmoja ambao huenda akausikia kutoka kwa wachezaji wenzake, na ni vizuri uujue ili usikuchanganye. Sheria ya Marekani inamruhusu mwanafunzi wa F-1 mwenye viza iliyoisha kwenda Canada, Mexico au baadhi ya visiwa vya Karibea kwa siku zisizozidi 30, kisha kurudi kwa I-20 na I-94 yake, mradi asiombe viza mpya akiwa huko na asiwe raia wa nchi chache zilizotengwa. Bahamas imo kwenye orodha ya visiwa hivyo. Kwa hiyo kama mwenzake aliwahi kwenda kucheza Nassau, kwenye ile mechi ya mwisho wa msimu iitwayo Bahamas Bowl, iliyoanza 2014, na akarudi akiwa na viza iliyokwisha, hakudanganya na hakubahatika. Alitumia kanuni hiyo. Ireland haimo. Ulaya yote haimo.

Na huko Dublin kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Uwanja wa ndege wa Dublin una maafisa wa uhamiaji wa Marekani waliopo hapo hapo. Abiria wa ndege nyingi zinazokwenda Marekani hukaguliwa kabla ya kupanda, halafu wakitua wanatoka kama waliosafiri ndani ya nchi. Kwa mtu mwenye karatasi zilizokamilika ni raha. Kwa mwenye pengo, maana yake ni kwamba kizuizi kitamkuta akiwa bado Ireland, timu inaondoka na yeye anabaki na begi lake, katika nchi ambayo viza yake ya muda mfupi nayo inahesabu siku.

Nimegusa viza ya Ireland, na hapa ndipo ile kauli ya kocha kwamba "mambo yatashughulikiwa" inaponitia wasiwasi. Simlaumu. Kikosi cha chuo siku hizi hufika wachezaji 105, na karibu wote ni raia wa Marekani ambao huingia Ireland bila viza. Mtu anayepanga safari ya timu hukusanya pasipoti, hupanga vyumba na chakula, na kwake "karatasi za safari" ni pasipoti tu. Raia wa Kenya anahitaji viza ya Ireland hata kama anaishi Marekani na hata kama ana viza ya Marekani mkononi. Ireland pia haimo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haimsaidii kitu. Mchezaji mmoja wa kigeni kati ya mia husahaulika kirahisi, si kwa ubaya, ila kwa sababu hakuna aliyewahi kulikumbuka swali hilo. Mwanao mwenyewe ndiye alikumbushe, kwa barua pepe na si kwa mdomo, mapema.

Maombi ya viza ya Ireland huanzia mtandaoni, kisha pasipoti halisi na vielelezo hupelekwa kwa ofisi ya ubalozi wao inayohudumia mahali anapoishi Marekani. Yanaweza kupelekwa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na kwa majira ya joto, watu wakiwa wengi, asitarajie majibu ya haraka. Ada ya kuingia mara moja ni euro 60. Watataka barua ya chuo inayoeleza safari, nani anagharamia, anaondoka lini na anarudi lini. Na watataka kuona kwamba anaweza kurudi Marekani. Unaona mnyororo ulivyo? Bila viza hai ya Marekani, hata viza ya Ireland inakuwa shaka. Tena kazi zote mbili zinahitaji pasipoti ile ile, na pasipoti haiwezi kuwa Nairobi na Washington kwa wakati mmoja. Mpangilio wa tarehe ndio utakaoamua kila kitu.

Kwa hiyo tupime njia zilizopo.

Njia ninayoipendelea ni aje nyumbani na kuomba viza mpya ya F-1 katika ubalozi wa Marekani Gigiri, kabla hajaanza mazoezi ya kiangazi. Vyuo vingi hufunga muhula mapema Mei, na timu huanza mazoezi ya kiangazi mwanzoni au katikati ya Juni. Hapo kati kuna dirisha dogo. Miadi ya usaili aitafute miezi kadhaa kabla, si akishatua JKIA. Aje na I-20 iliyosainiwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa katika ukurasa wa pili, saini isiyozidi mwaka mmoja, matokeo yake ya masomo, barua ya ufadhili, na pasipoti yenye muda wa kutosha, zaidi ya miezi sita baada ya safari ya Dublin. Akiipata viza, arudi chuoni na siku hiyo hiyo aanze maombi ya Ireland. Kama likizo ya Krismasi bado haijapita mnaposoma hili, itumieni hiyo badala ya Mei, maana inawapa nafasi ya kupumua.

Sitakuficha hatari yake. Kuomba viza upya ni kuomba, na maombi hukataliwa, au husimama kwa ukaguzi wa ziada usiojulikana mwisho wake. Akikwama Nairobi hatakosa Dublin tu, anaweza kuchelewa muhula mzima. Akiwa na rekodi safi, alama nzuri, ufadhili kamili na hajawahi kukiuka masharti, nafasi yake ni nzuri. Akiwa aliwahi kushuka chini ya masomo ya muhula kamili bila idhini, au aliwahi kukamatwa na polisi hata kwa jambo dogo lililofutwa, asitoke kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji. Kijana anaweza kumficha mama yake jambo la namna hiyo. Mwulize kwa upole, lakini mwulize.

Njia ya pili ni ile ya mwenzake wa chumba, ya kupata viza mpya Dublin. Ikatae. Tangu Septemba 2025 serikali ya Marekani imewaelekeza waombaji wa viza za muda waombe katika nchi ya uraia wao au wanakoishi. Mkenya anayepita Dublin kwa siku nne si mkazi wa Ireland. Hata zamani, wakati jambo hilo lilipowezekana, lilikuwa kamari, na sasa hata kamari si jina lake.

Njia ya tatu ni kubaki chuoni. Najua itamuuma. Hata hivyo naiheshimu, na kwa baadhi ya vijana ndiyo ninayoishauri bila kusita: yule ambaye dirisha la Mei limempita, yule mwenye doa kwenye rekodi, na yule ambaye uraia wake umeguswa na vizuizi vipya. Kwa hao wa mwisho naomba nizungumze na wasomaji wengine, maana swali lako wanalo wengi. Juni 2025 Marekani ilisimamisha utoaji wa viza, zikiwemo za wanafunzi, kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi na Somalia zikiwa miongoni mwake. Desemba mwaka huo orodha ikaongezwa, na Tanzania ikaingia. Mwanafunzi wa Kitanzania au Mrundi aliye Marekani na viza inayokaribia kuisha asikubali safari yoyote ya Ulaya na timu kabla ya kupata ushauri wa wakili, kwa sababu kupata viza mpya kunaweza kusiwezekane kabisa. Kenya haikuwa kwenye tangazo la Juni wala la Desemba, lakini orodha hizi hubadilika, kwa hiyo liangalieni hilo tena wiki ile ya kununua tiketi ya kuja nyumbani.

Jambo moja dogo: viza mpya ikitoka, aisome. Kuna sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia. Herufi M ni kuingia mara nyingi. Akiona ya kuingia mara moja tu, basi akishaitumia kurudi chuoni kutoka Nairobi itakuwa imekwisha kazi, na Dublin itamrudisha pale pale alipoanzia.

Ufadhili wake je? Kwa kanuni za michezo ya vyuo, chuo hakiwezi kuukata au kuupunguza ufadhili katikati ya kipindi kilichoandikwa kwa sababu ya kiwango cha mchezaji au mchango wake uwanjani. Kukosa mechi moja kwa sababu ya viza hakumpotezei masomo. Kinachoupoteza ufadhili kwa hakika ni kushindwa kurudi kusoma. Ndiyo maana nikiviweka viwili hivi pamoja, mechi moja upande huu na shahada upande ule, sioni ugumu wa kuchagua pale karatasi zinapokuwa na mashaka. Na kocha mwenye busara akielezwa mapema anaelewa. Anayekasirika ni yule anayeambiwa siku tatu kabla.

Kuhusu pesa, tulizeni matarajio. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato moja kwa moja. Hizo ni kanuni za michezo. Sheria ya uhamiaji haikubadilika pamoja nazo. Mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, na malipo ya matangazo yanaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Aliyeonyesha ugumu huo ni Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa mpira wa vikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky. Wenzake Wamarekani walikuwa wakisaini mikataba, yeye viza ilimfunga. Timu yake ilipokwenda Bahamas Agosti 2022, akaitumia nafasi hiyo kufanya kazi za mikataba yake akiwa nje ya ardhi ya Marekani, chini ya uangalizi wa wanasheria.

Kutoka hapo vijana wamepata imani kwamba safari ya nje ni ruhusa ya kulipwa. Si rahisi hivyo. Ukiwa Dublin umetoka chini ya sheria ya kazi ya Marekani na kuingia chini ya ile ya Ireland, na viza ya muda mfupi ya Ireland nayo ina masharti yake kuhusu kazi. Tena tangazo likipigwa Dublin halafu akaendelea kulisambaza kwenye simu yake akiwa bwenini Marekani, swali linarudi upya. Posho ya chakula anayopewa kila mchezaji wa timu haina tatizo. Lakini mtu akimletea karatasi ya kusaini hotelini, hata iwe ya dola 200, asisaini. Aipige picha, aipeleke kwa ofisi ya kanuni ya idara ya michezo na kwa wakili wa uhamiaji, wote wawili, kwa sababu wa kwanza anajua michezo na wa pili anajua viza, na ni nadra mmoja kuyajua yote.

Afya yake sasa. Kubeba chembe ya selimundu bila kuugua hakumzuii kucheza wala kupanda ndege ya kawaida ya abiria. Hatari yake katika futiboli hutokea pale mwili unaposukumwa kwa nguvu mfululizo ukiwa umekauka maji au umechoka, hasa kwenye mbio za kurudia rudia bila mapumziko. Safari ndefu ya usiku inaleta ukavu na uchovu kwa pamoja. Vyuo vya daraja la juu hutakiwa kujua hali ya kila mchezaji kuhusu chembe hiyo, kwa hiyo daktari wa timu anapaswa kuwa na habari zake, lakini mwanao ahakikishe mwenyewe kwamba zimo kwenye faili litakalosafiri. Kutoka katikati ya Marekani hadi Dublin saa zinasogea mbele sita, na mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa kuzoea, muda ambao timu hazina. Wanachosaidiwa nacho ni kwamba mechi nyingi za huko huanza saa kumi na moja jioni ya Dublin, ambayo kwa mwili wake bado ni saa tano asubuhi, muda wa kawaida wa kucheza. Mazoezi ya asubuhi siku ya kwanza baada ya kutua ndiyo ya kuyaogopa: anywe maji ya kutosha, aanze taratibu, na akisikia misuli inaishiwa nguvu ghafla, miguu ikimlegea, asimame na aseme. Kwa mwenye chembe hiyo, kocha hana ruhusa ya kumwambia "kaza".

Nimalizie na wewe, mama. Kunyimwa viza ya Marekani hakukuzuii kuomba ya Ireland. Fomu yao itakuuliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Jibu ndiyo, eleza lini, na kama ulipewa barua ya sababu iambatishe. Watu hushauriwa na mawakala wa vichochoroni waseme hapana, na uongo huo ukigundulika unakufungia njia kwa miaka, wakati ukweli wenyewe ungeweza kupita. Weka taarifa za benki za miezi sita zinazoonyesha maisha yako halisi (si pesa za kukopwa zilizoingia wiki moja kabla), uthibitisho wa kazi au biashara yako, watu unaowaacha nyumbani, tiketi ya mechi au barua ya chuo, na cheti cha kuzaliwa cha mwanao chenye jina lako. Utapeleka maombi Nairobi, na usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya kupata jibu. Usiombe kabla ya kujua kama yeye mwenyewe anasafiri.

Wiki hii, basi, mwanao afike mwenyewe katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake, akiwa na pasipoti, I-20 na ratiba ya safari mkononi, aseme: "Viza yangu inaisha Juni na timu inakwenda Dublin Agosti." Aombe wampangie tarehe kwa maandishi, nakala iende kwa kocha na kwa anayepanga safari. Wakimjibu kwamba lolote katika historia yake si la kawaida, hatua inayofuata ni wakili wa uhamiaji mwenye leseni, ana kwa ana. Vyuo vingi vina anayewasaidia wanafunzi bure au kwa ada ndogo, aulize hapo hapo ofisini.